CT Hakuitika Salamu

Ukimwambia CT jambo, umemkosea. Alisimama, akakutazama kupitia miwani yake iliyofungwa waya upande mmoja, akauliza, "Jambo gani?" Ukijibu hakuna kitu, ni salamu tu, basi alikuwa amekushinda. "Kama hakuna kitu, juu ya nini unanisimamisha?" Halafu huyo, anaenda zake, mkoba wa kompyuta ameubana kwapani kama kuku anayeweza kuruka.

Mimi nilimsalimia kila siku. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikiamka naona kila mtu ana kitu kizuri ambacho bado hajakitoa, na tantine, shangazi yangu, anasema ugonjwa huo hauna dawa.

CT ni cheo, si jina. Chef de travaux. Kule chuo kikuu mtu huanza asistenti, halafu anakuwa CT, halafu akitetea teze, tasnifu yake kubwa, mbele ya maprofesa anaitwa dokta. Yeye alikwama pale katikati muda mrefu mpaka cheo kikageuka jina. Watoto walimwita CT, padri alimwita CT, hata mama muuza mkaa ambaye hajui chuo kiko upande gani wa mji. Wengine kwa kumchokoza walimwita Dokta. Hao aliwageukia vibaya. "Miye si dokta. Usinivalishe nguo yenye haiyashonwa."

Alizaliwa wapi, sijui. Wengine walisema Pweto, kwa jinsi alivyojua kuchagua samaki. Wengine walisema hapana, Kasenga. Nilimuuliza siku moja. Akanyoosha kidole kwenye mlango wake. "Nimetoka mule. Hukuniona?"

Nina kibanda cha kuchaji simu kando ya soko, katika komini ya Kenya, mtaa si nchi, hapa Lubumbashi. Paneli za jua juu ya bati, betri kubwa chini ya meza, nyaya nyingi kama tambi, na pembeni nauza sabuni, biskuti na poda ya watoto. Tantine yuko ng'ambo ya njia na meza yake ya samaki wakavu. Kuran, yaani umeme, kwetu inakuja ikipenda. Kwa hiyo CT, mtu aliyechukia watu, alilazimika kuja kwa watu. Karibu kila alasiri alileta kompyuta yake kula umeme kwangu. Alikaa kwenye kibao, mgongo kwa njia, akiilinda.

"Usiiguse. Usiipumulie. Usiiangalie sana."

"Kuiangalia nako kunamaliza betri, CT?"

"Kunamaliza yangu."

Kabla ya kibanda nilikuwa mwanafunzi wake. Alifundisha fizika kwenye sekondari yetu ili ale, na hakuficha kwamba yuko pale ili ale. "Munanisikia?" aliuliza darasa zima. "Hapana. Munasikia njaa. Hata miye." Kwenye karatasi yangu ya mtihani aliandika kwa wino mwekundu: Ndoto mingi, kipimo hakuna. Wenzangu walicheka. Mimi niliikunja nikaiweka, kwa sababu mwalimu mwingine hakuna aliyewahi kuona kwamba nina ndoto. Shule niliiacha kabla ya mtihani wa Serikali. Yeye hakusema pole. Aliponikuta kibandani mara ya kwanza, alitazama paneli, akatazama nyaya, akasema, "Umefunga vibaya, utaunguza soko." Akakaa.

Alikuwa na udhaifu mmoja. Hakuweza kuliacha swali lipite bila jibu, hata likitoka kwa mtu anayemdharau. Niliutumia sana udhaifu huo.

Siku moja skrini ilikuwa wazi. Bahari ya buluu, ndani yake kitu cha mviringo kama yai jeupe kinatembea kwenda kulia, na nyuma yake vidoti vinaruka-ruka.

"CT, ile ni nini?"

"Haikuhusu."

"Sawa."

Alirudi kwenye skrini. Niliona shingo yake inapigana.

"Chukua gesi," alisema kwa hasira, kama mtu anayelipishwa faini. "Piga ndani yake mwanga wa laser. Mukali, na mufupi sana. Kupepesa macho mbele yake ni milele. Elektroni zinatoka ndani ya atomu, zinakuwa huru. Njo ile inaitwa plasma. Mwanga unapita, unasukuma elektroni pembeni. Viini ni vizito, vinabaki. Elektroni zinavutwa kurudi, zinarudi mbio, zinapitiliza, zinarudi tena. Nyuma ya mwanga kunabaki wimbi. Umesikia?"

Moyo wangu ulikuwa unacheza. "CT, ni kama boti ya motere kule Kasenga! Inakata mto Luapula, inaacha mawimbi nyuma, na pirogi, ule mtumbwi mdogo…"

"Kosa!" Simu zote juu ya meza ziliruka. "Ni karibu kuwa kweli. Njo kosa mbaya kuliko yote."

Lakini hakuondoka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Pirogi yako imesimama. Wimbi inafika. Pirogi inafanya nini?"

"Inapanda, inashuka."

"Kisha?"

"Inabaki palepale."

"Elektroni karibu zote ni vile. Zinatikisika, zinabaki. Miye natafuta ile yenye kuingia ndani ya wimbi na kubebwa. Ikiingia mbele ya saa, wimbi inaipita. Ikichelewa, inatupwa nyuma. Lazima iingie…" Alipiga meza. "Sasa!"

Tantine ng'ambo ya njia aliinua kichwa. "Anakupiga?"

"Hapana, tantine! Ananifundisha!"

"Ni kitu kimoja na huyo," akasema tantine, akaendelea kufukuza nzi.

Tangu siku ile nilijifunza vipande vipande, kila kipande na tusi lake. Kwamba ndani ya wimbi lile nguvu ni kubwa mno, hata elektroni inapata katika urefu wa kidole mbio ambazo mashine za nchi kubwa huzitafutia mahali parefu kama barabara. Kwamba elektroni ikishakuwa na mbio sana inaweza kulitangulia wimbi lililoibeba, ikaangukia upande wa kuivuta nyuma. Kwamba sehemu yake yeye CT ilikuwa ngazi: gesi iwe nzito hapa, halafu ghafla iwe nyepesi, na pale inapobadilika mkia wa wimbi unanyooka, unazoa elektroni zilizokuwa zimesimama. Laser ya namna ile Lubumbashi haiko. Yeye alikuwa na kompyuta yenye feni inayolia kama mulini ya kusaga mahindi, na penseli.

"Itasaidia nini, CT?"

"Kuna wenye wanaitaka kwa kuona ndani ya vitu. Kuna wenye wanaitaka kwa kutibu. Miye nataka inijibu."

Avenue yetu, watu wa njia nzima, haikumpenda, na kusema kweli hakutupa nafasi. Alimfukuza mwanakwaya aliyekuja na bahasha ya michango. Alimwambia jirani aliyefiwa na mbuzi kwamba mbuzi alikuwa na akili kuliko mwenyewe. Msimu mmoja wa mvua alimwambia mtu kwamba radi nayo ni plasma, kitu kilekile anachokifanyia kazi. Wiki haikuisha, radi ikapiga mlingoti wa kanisa. Watu walikwenda kwenye lango lake wakipiga kelele, ametuma radi, atoke! Alitoka. Amevaa singlendi, penseli sikioni.

"Nani anasema natuma radi?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake.

"Kama ningeweza kutuma radi," alisema, "munafikiri ningepiga chuma? Na ninyi muko hapa?" Akafunga lango.

Watu walitawanyika wakitukana, lakini waliokuwa nyuma niliwasikia wakicheka.

Na bado alikuwa na mambo yasiyolingana. Alisema samaki wa tantine ni mavumbi yenye mifupa, na hakununua kwa mwingine. Hakuwahi kunisifu, ila siku mteja mmoja alipoanza kunipayukia kwamba mimi ni mjinga, nimechanganya chaja, CT aligeuka taratibu kwenye kibao chake. "Monsieur, huyu mujinga ni wangu. Weye tafuta wako." Mteja alichukua simu yake akaenda. CT akarudi kwenye skrini, nami nikatabasamu mpaka jioni.

Sasa niseme habari ya defansi, ile siku ya kutetea teze, kwa sababu bila hiyo CT hajulikani.

Hakututangazia. Tulijua kwa sababu alikuja kunyoosha suti kwa fundi jirani na kibanda changu, na fundi hawezi kunyamaza. Jioni hiyo avenue nzima ilijua: CT anatetea teze. Nilidhani watu watasema na afeli. Tantine alipanda juu ya kigoda chake.

"Kumuchukia tunamuchukia," alisema. "Lakini ni muntu wa avenue yetu. Ataenda pale peke yake kama mwizi? Hapana. Tunaenda."

Ninyi mnaijua Lubumbashi. Tulikwenda na kitenge cha aina moja, tumejaza basi na nusu, na mikebe ya poda ndani ya mifuko. Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, arudi nyumbani hivyo, njia nzima ijue. Mama ambaye mtoto wake hajawahi kufaulu kitu huwa na mkebe tayari nyumbani, anasubiri. Tantine hakuzaa. Mkebe wake ulikuwa mkubwa kuliko wote.

CT alipotuona tunaingia ukumbini alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Alizungumza Kifaransa, vizuri, bila kumtukana mtu. Sikuelewa yote. Lakini katikati alionyesha lile yai jeupe katika bahari ya buluu, akawaambia wafikirie pirogi ndogo nyuma ya boti ya motere kwenye mto Luapula. Nilimshika tantine mkono mpaka akalia. Ile pirogi ilikuwa yangu! Alikuwa ameiita kosa, kumbe aliiweka.

Maprofesa watano au sita wenye majoho waliuliza maswali. Mmoja, mama mwenye sauti ndogo, aliuliza swali ambalo lilimfanya CT anywe maji. Halafu wote wakasimama, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye misa padri akitoka, misa imekwisha. Tantine aliona majoho yanatoka, akasimama, akapiga kigelegele, na avenue nzima ikamfuata. Nilisema, "Tantine, bado, wameenda kushauriana," lakini nani anasikia? Walimfikia CT alipokuwa, mbele pale, na mkebe mzima ukashuka juu ya kichwa chake. Wengine wakaongeza. Ngoma ikaanza. CT hakusogea. Alisimama mweupe kama ukuta mpya, ni miwani tu iliyokuwa nyeusi.

Maprofesa walirudi. Rais wa juri, mkuu wa maprofesa hao, alisubiri ngoma ife, na ngoma ilikufa vibaya, moja moja.

"Nani ametangaza?" aliuliza.

Kisha akasoma. CT hakupewa udokta. Si kwamba amekataliwa. Alitakiwa arudie hesabu. Kompyuta, walisema, hukata mahali pote kuwa vyumba vidogo, na CT alikuwa amekata vyumba vipana mno. Katika vyumba vipana baadhi ya elektroni huonekana zimebebwa kumbe ni kosa la kukata. Akate vyembamba, arudi.

CT alitugeukia. Poda ilianguka kutoka nyusi zake.

"Mbele," alisema. "Mbele ya saa! Mumeniingiza mbele ya saa!"

Watu hawakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitamani nisingeelewa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. CT alipandisha ukuta wake na kuuchomeka chupa zilizovunjika. Kwangu hakuja tena. Akipita soko alipita upande wa wauza mkaa. Tantine ndiye aliyeumia. Aliamini kwa moyo wote kwamba ile poda yake iliifukuza bahati, kwamba bila mkono wake CT angekuwa dokta.

"Tantine, vyumba vilikuwa vipana."

"Vyumba gani? Nyumba yake ina chumba kimoja na salon ya wageni."

"Vya hesabu. Vilikuwa vipana tangu mbele ya poda. Ni kama wavu, ukiwa na macho makubwa huwezi kusema samaki wangapi wamepita."

Alifikiri. Wavu anaujua. "Basi asuke mwingine."

"Hawezi. Vyumba vikiwa vyembamba, kompyuta inataka kuhesabu usiku na mchana bila kuzimika. Kuran ikikatika, anaanza upya. Ndiyo maana alikata vipana. Alikata kwa kipimo cha saa alizokaa kwangu."

Nilisikia nilichosema nikiwa nimeshakisema. Tantine naye alikisikia. Aliangalia chini ya meza yangu, pale betri kubwa ilipo.

"Utachaji simu na nini?" aliuliza.

"Na ile ndogo. Kidogo kidogo."

Ndipo nilipoisukuma ile betri kubwa kwa toroli ya mbeba maji hadi kwenye lango lake, na paneli moja juu. Nilipiga hodi. Jicho lilitokea kwenye ufa.

"Sikuomba."

"Najua, CT."

"Rudisha."

"Ni nzito, nimechoka. Naiacha hapa."

"Itaibiwa."

"Basi itaibiwa."

"Umefunga nyaya vibaya!" alinipigia kelele nikiwa tayari ninakwenda.

"Zifunge mwenyewe, CT! Jambo!"

Asubuhi betri haikuwepo njiani. Na ukipita ukuta ule wenye chupa ulisikia feni: mulini ya mahindi, inasaga, inasaga, haisimami. Ilisaga wiki baada ya wiki. Watu walianza kupunguza sauti wakifika pale, hata wale waliokwenda na habari ya radi. Watoto wakipiga mpira karibu, tantine aliwakemea: "Mwende kule! Elektroni zinahesabiwa!" Alisema neno hilo kama mtu aliyelijua tangu utoto. Siku feni iliponyamaza hakuna aliyeuliza kitu. Sote tulikuwa tumeogopa kuuliza.

Sasa mara ya mwisho nilipomwona vizuri.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali, soko limejaa. Nilimwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara kubwa, suti ileile, mkoba kwapani, peke yake. Hakuna aliyekuwa anajua. Hata fundi hakujua, kumbe safari hii CT alinyoosha suti mwenyewe. Alisimama mbele ya kibanda changu.

"Jambo, CT."

"Betri yako iko nyumbani. Nimefunga nyaya vizuri."

"Elektroni je?"

Alisafisha koo. "Mingi zilikuwa za uongo. Zimebaki kidogo." Alitazama meza yangu, si uso wangu. "Za kweli."

Nilichomoa simu ya mteja ambayo ilikuwa bado haijajaa.

"Nipe poda," alisema.

Nilimpa mkebe. Alisoma maandishi yake yote, akaunusa, akasema ni ya bei rahisi. Kisha alivuka njia. Tantine alikuwa anapanga samaki. Alipoinua macho akamwona, alirudi nyuma hatua moja, mikono hewani. CT aliweka mkebe katikati ya samaki.

"Mama," alisema. Hakuwahi kumwita mama. Alimwita yule wa mavumbi. "Mama, fungua."

"Hapana." Tantine alificha mikono nyuma yake. "Hapana, CT. Mara ya kwanza mkono wangu…"

"Mara ya kwanza ulikuwa mbele ya saa. Mukono haukuwa na kosa. Fungua."

"Wamekupa?"

"Unauliza kama juri!" alifoka, na soko zima likageuka. Akavua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa mtu mwingine, mchovu, wa mtu aliyehesabu kitu kwa muda mrefu sana. Akainamisha kichwa juu ya samaki wa Kasenga.

"Sasa," alisema.

Tantine alimwaga. Alianza kwa vidole, halafu kwa kiganja, halafu mkebe wote, analia huku anapiga kigelegele, poda inamfunika CT na samaki pamoja. Wauza mkaa walikuja mbio. Mtu alianza kupiga sufuria.

"Kunanuka samaki," alisema CT kutoka ndani ya poda. "Na mupunguze kelele." Lakini hakusogea, mpaka mkebe ulipokwisha.

Alipokuwa anaondoka, mweupe, watu nyuma yake wakiimba "Dokta, Dokta", alinipitia karibu.

"Kesho usinisalimie," alisema. "Niko na kazi."

Kesho yake nilimsalimia. Hakuitika. Nyuma ya sikio lake, pale anapoweka penseli, poda ilikuwa bado.